Wahida, Mtia Vipele

Kwa miaka kumi na minane Wahida Msabaha aliishi kwa kuficha. Chunusi, makovu ya tetekuwanga, weusi chini ya macho ya mwari aliyelia wiki nzima kwa sababu anazozijua mwenyewe, vyote vilifutika katika saluni yake ya chumba kimoja pale Dunda, Bagamoyo. Mtaani tulikuwa tukisema kwamba Wahida akikupamba, hata paka wako atakukimbia.

Aliyemletea kazi ya kutia madoa alikuwa Raya, mkufunzi wa wauguzi katika chuo kimoja nje ya mji. Alikuja na boksi. Ndani mlikuwa na vichwa, mikono na miguu ya watoto wachanga, ya mpira laini usio na rangi.

"Wanasesere tulio nao wanafanana na kamba wa kuchemsha," Raya alisema. "Na kitabu kimeandika: tafuta vipele vyekundu. Wanafunzi wangu wanaingia wodini kutafuta wekundu kwenye ngozi zetu, hawauoni, wanaandika mtoto mzima. Nataka watoto wa hapa, Da Wahida, na maradhi ya ngozi yetu."

Wahida akakubali. Alishona kiwiliwili cha kitambaa, akakijaza pamba na mchanga uliooshwa mpaka mtoto akawa na uzito wa kubebeka. Akapaka rangi kwa sponji, tabaka juu ya tabaka, akikausha kila moja kwa mashine ya kukaushia nywele. Baada ya wiki mbili akamwita Raya. Mtoto alikuwa na ngozi nyororo kama halua, nyusi zimechongwa, mashavu yana haya kidogo.

Raya alimgeuza huku na huku. "Mzuri," akasema. "Anaolewa lini?"

Wahida alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikiri mwenyewe kwamba kweli mkono wake haukujua jingine. Kila alipotia doa, kidole gumba kilipanda chenyewe kikalifuta. Akaona hana budi kwenda kuwatazama watoto wenyewe.

Lakini kutazama watoto wa watu si kazi ya kutangaza. Alikwenda zahanati siku ya kliniki, akakaa kwenye benchi katikati ya akina mama, hana mtoto, anakodolea shingo za wachanga. Mmoja akamuuliza amemleta nani. "Nimekuja kuangalia tu," Wahida akajibu, na benchi lote likasogea.

Ndipo akamkumbuka Tabia, mtoto wa miezi minne, mjukuu wa Bi Ashatu wa nyumba ya tatu. Bi Ashatu amelea watoto sita na wajukuu asiojisumbua kuwahesabu. Mtaa mzima humuuliza yeye kwanza, hospitali baadaye.

"Shikamoo, Bi Ashatu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nimekuja kumwona mjukuu."

Alipewa ampakate. Chini ya kidevu, ndani ya mikunjo, chini ya poda nyingi, palikuwa na vipele vyenye vichwa vya usaha. Vingine vilikuwa vimepasuka na kufanya ukoko wa rangi ya asali. Ngozi ya pembeni ilikuwa na zambarau hafifu, ya ganda la biringanya, ambayo jicho lisilozoea rangi lisingeiona. Wahida akajisahau.

"Mashallah! Vipele vizuri hivi!"

Bi Ashatu alimchukua mtoto, akamfunika kanga.

"Nilitaka kusema, bibi," Wahida akahangaika, "hizo si harara. Mpelekeni hospitali."

"Harara nimeanza kuzitibu wewe hujavunja ungo. Rudi kwako, na hilo jicho lako uende nalo."

Alirudi nalo, na kabla halijapoa akaanza kuchora. Alichoma matundu kwa sindano, akachanganya zambarau na kahawia, akaitandaza mpaka ikawa haionekani ila ukiitafuta. Ukoko aliufanya kwa rangi ya manjano na gundi. Safari hii kidole gumba kilitulia. Siku ya nne alimfunga mwanasesere kanga, akamlaza kwenye mkeka barazani gundi ikauke, akaingia ndani kuosha brashi.

Huku nyuma Tabia alikuwa amepata homa, na nyumba ya tatu ilikuwa imekwisha kukata shauri kwamba ni kijicho cha Wahida. Bi Ashatu akaja kugomba, kanga imefungwa kiunoni. Kabla hajafungua kinywa akamwona mtoto kwenye mkeka. Akainama, akamfunua shingo.

"Yarabi! Mtoto ameoza shingo, mmemtupa barazani! Huu ni ugonjwa wa kupaka poda huu? Mama yake ana macho au ana matundu?"

Wahida alipotoka, mikono inachuruzika maji, Bi Ashatu alikuwa amekwisha kumbeba mtoto begani na anaipungia mkono bajaji.

"Mrudishe, Bi Ashatu! Hajakauka!"

"Hajakauka nini?"

"Rangi."

Bi Ashatu akajitazama kidole. Usaha ulikuwa umenata. Akaunusa, ukanuka gundi. Mwingine angemtupa mwanasesere chini na kupiga ukelele. Yeye alisimama vilevile, akaisoma tena ile shingo polepole, mkunjo kwa mkunjo.

"Huyu ni nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

Wahida alitafuta uongo, hakuupata. "Ni Tabia."

Bi Ashatu akamrudisha mwanasesere, akaondoka bila kuaga. Bajaji ile ile ndiyo iliyomchukua Tabia na mama yake hospitali. Daktari alisema vijidudu vimeingia kwenye ngozi, akatoa dawa ya kunywa na ya kupaka. Siku ya nane shingo ilikuwa kavu.

Mtaani zikaenea habari mbili. Ya kwanza, kwamba Bi Ashatu kwa uzoefu wake aliuona ugonjwa mapema. Ya pili, kwamba Wahida alimtia mtoto jicho, kisha akamchora ili ugonjwa usitoke. Zote mbili alizisimulia Bi Ashatu mwenyewe, kutegemea msikilizaji. Akina mama watatu waliokuwa na harusi wakatafuta mpambaji mwingine, maana mtu anayetia watoto vipele huwezi kumkabidhi mwari. Wahida alilia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa kweli. Kisha Raya akaagiza wanasesere saba zaidi: wa surua, wa upele, wa manjano, na wengine. Ikambidi ajifunze kufurahi kila mtu anapoitazama kazi yake akakunja uso.

Mwezi ulipopita, Bi Ashatu akamsimamisha njiani. "Yule mwingine yuko wapi?"

"Chuoni."

"Analala wapi?"

"Kabatini, bibi."

Bi Ashatu alishika kinywa. Ijumaa iliyofuata akajitanda baibui, akamwamuru Wahida ampeleke.

Walikuta wanafunzi wameizunguka meza, mwanasesere yuko uchi katikati. Raya akamwuliza msichana mmoja anaona nini.

"Vipele vya usaha, ukoko wa manjano, ngozi ya pembeni imegeuka zambarau," msichana akasema. "Huyu asipakwe poda. Aonwe na daktari leo."

Wahida akageukia dirishani kwanza, maana machozi yalikuwa yamemjia mbele ya watoto wa watu. Bi Ashatu hakuwa na nafasi ya hayo. Alipenya katikati ya wanafunzi, akafungua kikapu, akatoa kofia ya sufu, sweta na soksi.

"Mmemaliza kumtazama?" akawauliza. "Basi mbona mmemwacha tumbo wazi? Mnataka apate kichomi?"

Wanafunzi wakamtazama Raya, Raya akamtazama Wahida.

"Shika mguu huo, Wahida," Bi Ashatu akasema, "nimvalishe."

Wahida akaushika.