Mjane na Ng'ombe Wake

Januari ile niliyongoja matokeo ya kidato cha nne, nilifanya kazi na mama kwenye kiwanda cha kahawa karibu na Nyeri. Jua la saa sita lilipasua maganda ya kahawa iliyoanikwa, kwa hivyo tulikuwa tunaifunika kwa magunia kisha tunakaa kivulini na akina mama wengine. Hapo ndipo nilipowasomea riwaya yangu, ile niliyoirudia mpaka jalada likatoka.

Tulipoimaliza walitaka tuanze upya. Tuliporudia mara ya tatu, joto lilikuwa limenichosha, nikaruka kurasa mbili. Nilijiona msomi pale, nani angejua?

Mama alikuwa amefumba macho. Hakuwahi kuingia darasani hata siku moja.

"Umeruka pale mjane anakataa kuuza ng'ombe," akasema. "Rudi."

Wenzake wakaguna kumuunga mkono. Nikarudi, masikio yakiniwaka moto.

Matokeo yalipotoka, majirani walimpongeza mama kwa kuzaa msomaji. Niliwakatiza, na mpaka leo nawakatiza wanaosema hivyo. Msomaji ni yule aliyenizaa.