Mlinzi wa Nyumba Zisizojengwa

Kila asubuhi nikienda shule namkuta mlinzi akifuta bango kwa kofia yake. Bango lina picha ya nyumba arobaini za walioondolewa na mafuriko, mapaa mekundu. Nyuma yake ni vigingi na nyasi tu. Kiwanja namba kumi na saba ni cha bibi yangu, aliyekimbia mafuriko kijijini Mbuchi na mkeka mmoja, na sasa analala sebuleni kwetu. "Shikamoo babu, matofali lini?" "Marahaba. Wiki ijayo, mjukuu wangu." Miaka miwili sasa ni wiki ijayo, na kucha zake zina udongo mbichi kila siku. Mlinzi na udongo, wapi na wapi? Alipopanda kunde kati ya vigingi sikujali, kwani kunde huvunwa zikaisha.

Jana nikamkuta amepiga magoti kwenye namba kumi na saba, anashindilia mche wa mkorosho polepole, kama anayemlaza mtoto. Kuniona, akaufunika kwa kofia. "Kivuli tu, mjukuu." Nikamweleza bibi. "Aliyeazima ardhi hapandi mkorosho," akasema. "Huyo keshaambiwa jambo kuhusu nyumba hizo, sisi bado." Leo asubuhi mlinzi alisema "wiki ijayo" kabla sijamwamkia.