Tochi ya Kukagua Noti

Kila Jumamosi asubuhi mwalimu wa kemia wa chumba cha juu hubisha hodi kwa Fowsiya, muuza vitambaa, kuazima tochi yake ya zambarau ya kukagua noti bandia. Vidole vyake vina madoa ya bluu, na kipande chake cha kioo hukifunga kwa foili kama chapati ya safari. Hukifungua polepole, akipuliza vumbi, kisha hukiunganisha na mita ya umeme.

"Leo noti ya nchi gani, mwalimu?" Fowsiya humtania, naye hucheka bila sauti. Juu ya kioo kuna utando wa molekuli. Ukimulikwa na tochi, hugeuka bluu na kupitisha umeme. Ukiachiwa mwanga wa dirisha, hufifia na umeme hukatika. Miaka mitatu sasa, swichi hiyo ya mwanga huchoka kabla ya kuwashwa na kuzimwa mara ya arobaini. Leo ilipofika zamu ya arobaini, alimpa Fowsiya tochi na kufumba macho.

Fowsiya alimulika. Mshale wa mita ukapanda. "Umeitika, mwalimu."

"Sasa zima, dada. Tungoje."

Wakangoja.

"Umeshuka," Fowsiya akasema. "Nimulike ya arobaini na moja?"