Nilivyomfuata Durban Bingwa wa Vinu vya Mfalme

Nilikwenda Durban kwa sababu diwani wetu aliitamani mashine yetu ya kusaga unga. Mashine yenyewe hakuitaka, maana ni kuukuu na hukohoa kuliko bibi yangu. Alitaka kiwanja ilichosimama, pale sokoni karibu na mto Nzoia, ambapo marehemu baba aliijenga na mimi nikaachiwa kuiendesha. Wakati huo, mwishoni mwa miaka ya tisini, viwanja vya Kenya vilikuwa na miguu. Ulilala juu ya kiwanja chako ukaamka juu ya kiwanja cha mwenye barua ya Serikali. Diwani alikuwa ameomba barua yake, na bodi ya ardhi ilikuwa itusikilize baada ya mavuno. Tukishindwa, mashine ing'olewe, na mimi na watoto wangu tutafute kitu kingine cha kula.

Ukoo ukakaa kikao. Mjomba Barasa akasema mawakili tuwaache na njaa yao, sisi tunaye mtu wetu. Huyo ni mdogo wangu Wafula, aliyekuwa Durban akisomea udaktari wa historia. Historia yenyewe ilihusu mashamba na vinu vya kusagia ambavyo Mfalme wa Uingereza, karne kadhaa zilizopita, aliwakodisha watu wake kule Ayalandi. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiulizwa kijana anasomea nini, tunakohoa na kubadilisha mazungumzo. Siku hiyo kila mtu aligundua kwamba alikuwa na busara tangu mwanzo.

"Mungu alijua," akasema mjomba. "Ardhi, kinu, na Serikali inayogawa vya watu. Kijana ameisoma kesi yetu kabla haijazaliwa."

Barua tulizomwandikia hazikujibiwa. Wakaamua niende nikamlete.

Nairobi hadi Dar es Salaam nilipanda basi, na kutoka Dar treni ya kwenda Zambia. Humo nilikaa na mama mmoja wa Mbeya, mcheshi, mwenye kikapu cha maparachichi asichochoka kunigawia. Nilimweleza shida yangu yote. Alisikiliza huku akimenya, kisha akafuta kisu.

"Dada'ngu, hebu nielewe. Diwani ni wa Kenya, kiwanja ni cha Kenya, na huyo mfalme alikuwa Ulaya. Sasa Afrika Kusini unafuata nini?"

"Ndiko aliko mtaalamu."

"Haya. Sisi kwetu hata mganga tunamfuata kijiji cha pili tu."

Nilinuna mpaka Mbeya. Aliposhuka akaniachia maparachichi matatu, nikayala kwa hasira.

Lusaka, kisha Harare, kisha mpaka wa Afrika Kusini, kote kwa mabasi. Mpakani ofisa aliuliza nakwenda kufanya nini nchini mwao. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule ya misheni kwamba nakwenda kumchukua ndugu yangu nimrudishe kwao. Alinyanyua muhuri bila hata kumaliza kunisikiliza, akasema nikipata wengine niwachukue pia.

Durban nilifika asubuhi, miguu imevimba kama ya mjamzito. Wafula alikuwa kituoni, kumbe barua ya siku ya kufika kwangu aliisoma, amevaa tai, amekonda, na Kiswahili chake kimekuwa cha hotuba. Nilimkumbatia nikalia kidogo, maana ni mimi niliyembeba mgongoni. Akanipeleka Cato Manor kwa teksi, ambayo huko ni gari la abiria wengi, na dereva wetu alizitazama robot, yaani taa za barabarani, kama maoni ya mtu mwingine.

Cato Manor, Wafula aliishi kwa Papa Dieudonné, Mkongo mnene mwenye sauti ya shemasi. Nyumba haikuwa yake. Aliikodi nzima kwa mwenyewe, akaikata vyumba akavikodisha, na waliovikodi wakatundika mapazia wakakodisha kona. Wengi wao walikuwa wakimbizi wa Kongo. Nyuma ya kila pazia kulikuwa na familia na masufuria yake. Wafula peke yake ndiye aliyekuwa na chumba kizima, cha mbele, chenye dirisha na meza. Nilijivuna. Nikasema moyoni, kumbe nchi za watu wanaiheshimu elimu.

Kesho yake niliwakuta wanawake uani wakifunga mifuko ya muhogo mkavu na mahindi. Mmoja, Mama Béa wa kutoka Uvira, msusi wa saluni mjini, alikuwa akijitwisha wake. Mimi na mfuko wa nafaka hatutengani, nikamsaidia kubeba. Nilidhani tunakwenda mtaa wa pili, kwa sababu tangu alfajiri nilikuwa nasikia mlio wa mashine huko, na mlio huo siwezi kuukosea. Mama Béa akaipita mashine ile bila kuitazama. Tukapanda teksi hadi mjini, tukashuka, tukapanda nyingine.

"Tunakwenda wapi?" nikauliza.

"Clairwood, Mama. Kwa mashini ya Papa Dieudonné."

"Na ile ya karibu?"

"Ile? Hatuna ruhusa. Iko mu contrat, mu mukataba ya chumba. Kila mupangaji wa Papa anasaga kwa mashini ya Papa. Ukisaga fasi ingine, unalipa amende, fifty rand. Na kule Clairwood, kwa vikombe kumi ya bunga, yeye anachota kimoya. Ni ya kwake, ya bure."

"Juu ya kodi ya chumba?"

"Juu ya kodi. Na juu ya bei ya kusaga."

Nikamuuliza ni shetani gani aliyemfundisha mtu huyo ujanja kama huo. Mimi nimesaga miaka yote na haujawahi kunijia kichwani.

Mama Béa alinitazama kwa huruma. "Si ule docteur wa chumba ya mbele? Mbele aje, tulikuwa tunasaga kila fasi. Ule njo alileta habari ya mfalme, akaandika contrat. Eish, Mama. Ni ndugu yako, unisamehe."

Clairwood ni malori matupu na maghala. Mashine ya Papa ilikuwa kwenye kona ya ghala moja, nyuma ya makontena, na foleni ya wanawake ilitoka nje mpaka njia ya malori. Dereva alipopiga honi, foleni ilijikunja kisha ikajinyoosha tena. Zamu yetu ilipofika, msimamizi alichovya kikombe katika unga wa Mama Béa, akakijaza mpaka kikawa na kilima juu, akakimwaga kwenye pipa la bwana wake. Hakusema hata asante. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, kama kwamba mkono ule ulikuwa wangu.

Jioni nilimngoja Wafula chumbani kwake.

"Hii habari ya kusaga Clairwood ni yako?"

Macho yakamng'aa. Maskini, alidhani nauliza kwa kupenda elimu. "Dada, hiyo ni kanuni ya kale! Kule Ayalandi, Mfalme akimpa mtu wake ardhi, humpa na kinu. Wenyeji wanakuwa wapangaji, na mpangaji lazima asage kwa bwana wake hata kama kuna kinu karibu zaidi. Na bwana anachota sehemu yake. Watu hudhani yamekufa. Mimi nimeonyesha kwamba bado yanafanya kazi!"

"Chumba hiki unalipa kodi gani?"

"Silipi. Ni mapatano ya kiutafiti."

"Na wale wanawake?"

"Walitia sahihi, dada. Mwanahistoria hana upande."

"Hana upande, lakini ana dirisha."

Nilimwambia mengine ambayo hayafai kuandikwa, na nikamtaka akaifute kanuni ile kabla hatujaondoka. Alikwenda kwa Papa Dieudonné akarudi mara moja. Papa alikuwa amejibu kwamba contrat ni contrat, na kwamba ameipenda sana.

Nilikuwa na sababu zote za kumwacha huko. Lakini nyumbani bodi ilikuwa inangoja, na nikajidanganya kwa hoja iliyonielea vizuri sana: aliyefunga fundo ndiye anayejua kulifungua.

Siku ya kuondoka, wapangaji wote walitusindikiza hadi kituo cha basi. Waliimba nyimbo za kanisani, wakabeba mizigo, wakatununulia mikate ya njiani. Wafula aliguswa, akasema watu hawa wamempenda. Mama Béa akanivuta kando.

"Mama, umuchukue kabisa," akaninong'oneza. "Tumekupa. Usimurudishe."

Njia nzima ya kurudi, Harare, Lusaka, Dar, Wafula alinisomesha Ayalandi. Abiria waliokaa karibu nasi walihama viti mmoja baada ya mwingine.

Nyumbani bodi ilikaa katika ukumbi wa chifu, umejaa mpaka madirishani. Wafula akasimama. Lazima niseme kweli, alizungumza kama malaika. Alieleza jinsi Mfalme alivyogawa mashamba yakiwa na watu juu yake, jinsi mtu alivyolipa kodi kwa udongo aliomzika babu yake ndani yake, jinsi akina mama walivyopita kinu cha jirani na mizigo kichwani kwenda kwenye kinu cha bwana. Wazee walitikisa vichwa. Mimi nililia waziwazi. Diwani alipiga makofi kuliko wote, tena amesimama, na kikao kilipoahirishwa akamwalika msomi kwa chai.

Chai ile ilinywewa wiki nzima.

Uamuzi ulipotoka, kiwanja kilikuwa cha diwani. Wafula alikuja mbio mashineni kunipa habari kabla sijazisikia kwa wengine, jasho likimtoka kwa furaha.

"Tumeshinda, dada! Hung'olewi!"

"Tumeshindaje, na kiwanja ni chake?"

"Nimekupigania. Wewe utabaki kama mpangaji wake. Katika debe kumi yeye anachukua moja tu. Na sikiliza hili: kila anayekodi kibanda kwa diwani hapa sokoni atalazimika kusaga kwako, akienda kwingine anatozwa. Wateja hawatakupungukia maisha yako yote!"

Alisimama pale akinitazama, na niliona kwamba anangoja nimshukuru kwa dhati. Nilizima mashine nikaenda kukaa nje, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakadhani nimefiwa.

Siku hizi Wafula ni mshauri wa diwani katika mambo ya ardhi, na kila mwisho wa juma huja na debe kuchukua sehemu ya bosi wake. Huniamkia vizuri, hujaza, huondoka. Majirani huniuliza nilijifunza nini katika safari ndefu namna ile. Nawaambia nilijifunza habari za Ayalandi. Wale, kwa jinsi nilivyosomeshwa, bwana wao aliletwa na Mfalme kwa meli na askari. Wa kwetu nilimfuata mwenyewe kwa basi, na pale mpaka wa Zimbabwe, alipochoka, nikambebea sanduku la vitabu.