Shangazi na Mbayuwayu wa Dirishani

Wodi nzima ilimwita Shangazi, manesi kwa wagonjwa, hata bibi mmoja aliyemzidi umri kwa mbali. Alikuwa mhudumu wa wodi: kupiga deki, kumwaga mabeseni, kubadilisha mashuka, kuwageuza wasioweza kujigeuza. Nilimfahamu kwa sababu binti yangu, msusi wa nywele, aligongwa na pikipiki akavunjika paja. Walimlaza chali, mguu umening'inizwa kwa kamba yenye vyuma vizito mwishoni, wakaniambia atakaa hivyo mpaka mfupa uunge. Nikahamia pale. Nilikuwa naondoka wanaponifukuza tu.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Daktari akiandika kwa muda mrefu, nachungulia faili. Kamba ikilia kidogo, nimeshasimama. Binti yangu aliwaambia wenzake kwamba mama yake akilala huwa anafumba jicho moja. Kukaa kando ya kitanda kutwa nzima huku huna la kufanya kunakufanya uone kila kitu, na mimi hata nyumbani huwa naona kuliko ninavyotakiwa. Kwa hiyo Shangazi nilimwona vizuri.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiye na maneno mengi. Hospitali ile aliingia kwanza kama mke wa mgonjwa. Mumewe alilala muda mrefu wodi ya wanaume, na yeye, kwa kuwa mikono yake haikuzoea kukaa bure, akawa anawasaidia wahudumu kubeba ndoo. Mume alipofariki, alirudi kuchukua blanketi, wakamwuliza kama anataka kibarua. Akabaki. Miaka ikaenda, kibarua kikawa kile kile, mkataba mfupi juu ya mkataba mfupi. Kipindi kile nilichomkuta ndipo ilipotoka habari kwamba vibarua wa siku nyingi wataajiriwa moja kwa moja, kazi ya kudumu yenye likizo na kiinua mgongo, na kwamba Sista mkuu wa kila wodi ndiye atakayepeleka majina. Shangazi hakulizungumzia. Ila niliona koti lake la kazi lilivyopigwa pasi mpaka mikono inasimama, na akiitwa na Sista mkuu anavyoiweka ndoo chini polepole isitoe sauti.

Alichokuwa nacho cha kwake, mbali na kazi, ni ndege.

Wodi yetu ilikuwa ghorofani. Nje ya dirisha, karibu sana, zilipita nyaya za umeme kutoka nguzo ya getini kwenda jengo la maabara, na jioni mbayuwayu walikuja makundi kwa makundi wakakaa juu ya nyaya hizo, wamebanana, kelele tupu. Aliyeweza kusimama aliwaona. Waliolala chali waliwasikia tu. Binti yangu aliona dari na kamba yake, basi. Kabla sisi hatujafika, mgonjwa mmoja alimwomba Shangazi amwonyeshe hao wanaomsumbua. Shangazi akatoa simu, akapiga picha, akamwinamishia usoni. Jirani yake naye akataka. Tangu hapo ikawa kila jioni, akishamaliza deki, lazima apige.

Alikuwa na namna yake. Simu aliigusisha na kioo kabisa, kiganja kimeziba pembeni, maana taa za wodi zikiwashwa kabla ya giza kuingia, kioo kinaanza kurudisha taswira ya vitanda. Alisubiri ndege watulie. Halafu alipita na simu kitanda hadi kitanda, kama nesi anayegawa dawa, na wagonjwa wakaanza maneno. Huyu mnene ni mwenyekiti. Yule aliyekaa mbali na wenzake ni mkwe, hajazoea familia. Binti yangu alimchagua mmoja aliyewapa wenzake mgongo, akasema huyo kanuniwa na mumewe kwa kuchelewa kurudi. Wodi ikacheka, naye akacheka, mara ya kwanza tangu ajali. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mfuko.

Mlangoni palikuwa na tangazo: hairuhusiwi kupiga picha wodini. Sista mkuu alijua habari ya ndege, akaiacha. Lakini siku moja alimwambia mbele yetu sote, bila kupandisha sauti: "Ndege sina neno nao, Shangazi. Nikiona hata kidole cha mgonjwa kwenye simu yako, mimi na wewe hatujuani." Shangazi alijibu kwamba amesikia.

Kitanda cha pembeni, mbali na dirisha, alilala bibi mmoja aliyepigwa na kiharusi. Alikuwa amepoteza usemi na upande mmoja wa mwili, na uso ameuelekeza ukutani. Manesi wakimgeuza, kichwa alikirudisha ukutani. Mwanawe, muuza nyama, mtu wa mwili mkubwa, alikuja kila jioni saa ya kuona wagonjwa, amejisugua kwa sabuni mpaka mikono imepauka, akavuta kiti, akauongelesha mgongo wa mama yake. Alimweleza mteja gani kagombania maini, mbwa gani kaiba utumbo. Mgongo haukujibu. Kwa kuwa aliamka kabla ya alfajiri kwenda machinjioni, mara nyingi alisinzia pale pale kitini, kidevu kifuani.

Alinisimulia mwenyewe siku moja tukipanga foleni ya maji ya moto. Mama yake alikuwa na nyumba yake ndogo. Alipoanguka mara ya kwanza, mwana akaogopa, akamhamishia kwake kwa nguvu, mlango wa kule akaufunga na ufunguo akakaa nao. Mama alimwambia, "Umeninyang'anya mlango wangu." Halafu kiharusi kikaja, na hayo yakawa maneno ya mwisho. Sasa yeye aliamini kwamba mama anaangalia ukuta kwa kuwa hataki kumwangalia yeye.

Jioni moja toroli la chakula lilikuwa limeegeshwa chini ya dirisha, Shangazi hakuweza kukisogelea kioo. Akapiga picha akiwa amesimama nyuma ya toroli, kwa kunyoosha mkono, kwa sababu wagonjwa walikuwa wanamharakisha kabla ndege hawajaruka. Picha ikapita vitanda kama kawaida. Wote waliwaangalia ndege. Ilipofika kwetu, binti yangu akasema leo hawajapigwa vizuri, kuna ukungu. Nikaichukua niutazame huo ukungu.

Ulikuwa wodi yetu, imo ndani ya kioo. Waya ulipita katikati, ndege wamejipanga juu yake, na nyuma yao, hafifu lakini bila shaka yoyote, kitanda cha pembeni. Muuza nyama amelala kitini, kichwa kimeanguka mbele. Na mama yake amegeuka. Uso umeacha ukuta, jicho lake zima limefunguka, anamtazama mwanawe. Ndege walionekana kama wamekaa kwenye chuma cha kitanda chake.

Niligeuka upesi. Bibi alikuwa ameshaurudia ukuta. Mwana bado alikuwa anakoroma.

Nilimwita Shangazi pembeni nikamwonyesha. Alitazama, akageuka kuangalia tangazo la mlangoni. Akasema ataifuta sasa hivi. Nami nikamwambia aifute, maana majina yalikuwa hayajapelekwa, na mimi naogopa hata matatizo yasiyonihusu. Akaiweka simu mfukoni, akaenda kusukuma toroli.

Bibi alifariki kabla wiki haijaisha, asubuhi, nesi akiwa anampima. Muuza nyama alikuja kuchukua vitu vyake: kikombe, ndala, mtandio. Godoro lilikuwa limeshavuliwa shuka na Shangazi alikuwa analifuta kwa dawa. Yule baba akasimama pale na mfuko wake mkononi, akamwuliza Shangazi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anamwosha, kama mama aliwahi kuonyesha dalili yoyote juu yake. Yoyote, hata ya ishara. Shangazi akawa anafuta mahali pale pale.

"Amekufa amenikasirikia," akasema yule baba. Hakuwa anatulalamikia. Aliyasema kama mtu anayetaja alipozaliwa.

Nikaingilia. Nilitaka apate lake na Shangazi asipoteze lake. Nikamwambia, "Kaka, mama yako alikuwa anakuangalia ukisinzia. Mimi nakaa hapa kutwa, naona mambo."

Alinijibu kwa adabu kubwa. "Ahsante mama. Tangu asubuhi kila mtu ananiambia kitu kama hicho."

Shangazi akakitupa kitambaa cha kufutia ndani ya ndoo, akajikausha mikono kwenye koti, mbele na nyuma, kama mtu anayetaka kushika chakula. Akatoa simu. Hakuwa ameifuta.

Yule baba alidhani anaonyeshwa ndege. Shangazi akaikuza picha kwa vidole mpaka ndege wakatoka pembeni. Muuza nyama akaketi kwenye godoro lililo tupu, bado bichi kwa dawa. Akasema kwa sauti ndogo, "Huyu aliyelala ni mimi." Kisha mabega yakawa yanapanda na kushuka, na wanawake wote vitandani wakatazama dari, hata wale walioweza kujigeuza.

Aliiomba. Shangazi akamtumia, akamwambia asimwonyeshe mtu, akamweleza kwa nini. Akaapa.

Na ninaamini alikusudia kutimiza. Lakini msibani dada yake alimkabili mbele ya ndugu, akamwambia yeye ndiye aliyemmaliza mama kwa kumng'oa nyumbani kwake, na mama aliingia kaburini bila kumsamehe. Muuza nyama alivumilia, alivumilia, halafu akamvuta dada yake jikoni, akamwonyesha. Dada alilia, wakapatana. Na yule dada, kwa furaha ya kupatana, akawatumia ndugu wote, na ndugu wakawatumia wao wanaowajua. Haikuchukua muda ikaingia kwenye simu ya nesi mmoja wa wodi ya jirani, naye dirisha lile alilitambua.

Shangazi alipoitwa ofisini nilikuwa natoka bombani. Nikamkamata mkono kwenye korido nikamwambia aseme ni mimi niliyepiga. Mimi ni mgeni tu, nitakemewa yaishe.

"Wewe una mgonjwa humu," akanijibu. "Ukigombana nao, ile kamba ataiangalia nani? Na nani asiyejua kwamba ndege wa dirisha lile ni wangu?" Akanirekebishia kola ya gauni, kana kwamba mimi ndiye niliyeitwa, akaingia.

Sista mkuu hakumfokea. Alimwuliza tu kwa nini picha hakumletea yeye kwanza. Baadaye mambo yakapelekwa kwa wakubwa wake. Jina la Shangazi halikupelekwa. Akaambiwa amalizie mwezi, mkataba hautarudiwa. Muuza nyama aliposikia alikuja amevaa shati la sherehe, akakaa kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi, akawaambia kwamba yeye ndiye mwenye marehemu na yeye halalamiki, anashukuru. Wakamjibu kwamba shukrani zake zimepokelewa, lakini sharti lile limewekwa kuwalinda watu kama mama yake, waliolala wasioweza kukataa.

Nililifikiri hilo sana usiku ule. Binti yangu alilazwa pale paja wazi, na mtu akimpiga picha hivyo ikazunguka kwa watu, mimi mwenyewe ningevunja mlango. Sikuweza kusema wamekosea. Wala sikuweza kusema Shangazi amekosea. Nilibaki na hayo mawili, na mpaka leo sijayamaliza.

Siku ya mwisho alifanya kazi kama siku nyingine. Alimfundisha aliyekuja badala yake namna ya kumgeuza mgonjwa mzito bila kumvuta ngozi, akamwonyesha bomba linalovuja na kabati lenye mlango mkaidi. Kwa wagonjwa aliaga kwa kuwagusa miguu. Binti yangu alimgusa mguu mzima.

Nilimsindikiza mpaka getini. Muuza nyama alikuwa anamsubiri nje, amesimama kando ya nguzo, uso umevimba. Akamshika mikono yote miwili akamwambia, "Nimekuponza, Shangazi. Nimekutoa kwenye kazi yako." Akasema ameshawaomba ndugu zake wote waifute ile picha, na yeye anaifuta ya kwake hapo hapo, mbele yake, angalau hilo. Akatoa simu, akaitafuta picha.

Shangazi aliufunika mkono wake kwa kiganja, simu ikapotea humo.

"Ukiifuta, baba, nitakuwa nimefukuzwa kwa sababu ya ndege tu."

Muuza nyama alimtazama. Akairudisha simu kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaomba ambebee mzigo. Ulikuwa mfuko mmoja, koti la kazi na viatu vya mpira. Shangazi akampa. Niliwatazama wakivuka barabara, yeye mbele, yule baba nyuma yake, mpaka mlinzi akaniuliza kama naingia au natoka. Nikarudi ndani, kwa sababu ilikuwa saa ya daktari kupita.