Siku Mama Alipomkosa Mwana wa Mfalme

Mkoa wetu wa Manyara ulipokuwa bado mchanga, wageni wakubwa walikuwa hawaishi kuja Babati. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Bonga, na kila alipokuja mgeni tulipanga watoto kando ya barabara ya Dodoma tangu asubuhi. Nilichoka. Nilichoka na bendera za karatasi, na nyimbo zile zile, na miguu yangu iliyovimba.

Nyumbani, mama pekee ndiye aliyezifurahia habari hizo. Alikuwa bibi kizee sasa, masikio mazito, na alikuwa na kiu moja tangu utotoni.

Enzi za Mwingereza, kabla ya vita vya pili, jumbe alitangaza kwamba mwana wa mfalme wa Uingereza atapita. Watu wakafyeka nyasi siku nyingi bila ujira, wakachota maji ziwani kunyunyizia vumbi. Siku yenyewe wakapangwa juani, wazee mbele na mablanketi yao. Mama alikuwa amepakatwa na baba yake. Magari yalipotokea, jumbe akapaza sauti watu washangilie. Babu hakushangilia. Alikuwa ameambiwa mgeni ni kijana tu, hata mke hana, na kwetu kijana ndiye anayemwamkia mzee. Basi akainamisha uso, akangoja kuamkiwa. Na mkono wake akaukandamiza juu ya kichwa cha binti yake, asije akamkodolea mgeni macho kabla ya salamu. Salamu haikuja. Mama aliona magurudumu, basi.

"Baba yangu alikuwa na adabu mpaka ikawa ugonjwa," alikuwa akiniambia. "Wenzangu wote walimwona. Nami nataka nimwone mkubwa mmoja, sura yake hasa, kabla sijafa."

Kila mara nilimjibu, "Atakuja mwingine, mama." Mwishowe nikaona aibu. Alipotangazwa mgeni mwingine, nikamshika mkono, tukaenda polepole, nikamketisha kwenye kiti cha ofisi ya walimu, hatua chache tu kutoka mstari wa darasa langu.

Tulingoja mpaka saa nane. Nilipomtazama, kidevu kilikuwa kifuani, amelala. King'ora kikalia kwa mbali. Mwalimu mkuu alikuwa ametuonya kwamba atakayeacha mstari ataandika maelezo. Nikasema moyoni, nitamwamsha msafara ukikaribia. Ukakaribia. Siku hiyo, ajabu, kioo kilishushwa, mgeni akatoa uso mzima, akatabasamu, akampungia mama mkono. Sikusogea. Siwezi kumsingizia mwalimu mkuu. Nilikuwa nimechoka tu, nikitaka jambo liishe.

Watoto walipotawanyika nilimgusa bega. Akashtuka, akajifunga kanga vizuri.

"Kapita?"

"Bado, mama."

Akasogeza kiti mbele kidogo, akaikazia macho barabara.

"Basi tungoje," akasema. "Njoo ukae hapa, mwanangu. Umechoka."