Soksi ya Mkono wa Kushoto

Thoa, fundi cherehani wa mji wa Sa Đéc, hakuwa mtu wa kuambiwa "basi" akanyamaza. Binti yake Quyên alizaliwa kabla ya mimba kutimiza miezi saba, na siku chache baadaye damu ikavuja ndani ya ubongo wake, upande wa kushoto. Daktari akasema wazi kwamba mkono wa kulia huenda ukakakamaa. Thoa alilia, akapenga kamasi, kisha akauliza, "Huenda? Kumbe hata wewe hujui."

Sasa mtoto alikuwa anatimiza mwaka, siku ya kuwekewa sinia la vitu achague kazi yake ya ukubwani. Mama mkwe hakutaka kusikia habari hiyo.

"Ukoo mzima uje kutazama ngumi isiyofunguka? Mkunga wa mikono alisinzia, mwanangu. Tukubali tu."

Wakunga wa mbinguni ni kumi na wawili, kila mmoja na kiungo anachokifinyanga, na siku hiyo kila mmoja hupewa bakuli lake la madonge ya mchele katika sharubati ya tangawizi.

"Alisinzia? Basi bakuli lake nalizidishia tangawizi," Thoa akajibu. "Ataamka tu!"

Ndugu walipojaa, Thoa alimvisha mtoto soksi mkono wa kushoto, ule mzima, akaifunga kwa utepe. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kliniki: mzima ukifungwa, mwenzake utalazimika kufanya kazi.

"Unamfunga mtoto siku yake!" shangazi wa mumewe akafoka. "Una roho ya jiwe!"

"Nimemzaa mimi, Shangazi. Wewe kula."

Quyên alilia, akaiguguna soksi. Bibi yake akanyoosha mkono polepole amsogezee kalamu iliyokuwa kwenye sinia.

"Usisogeze, mama," Thoa akasema.

Ndipo ile ngumi ya kulia ikainuka ikitetemeka. Ikafunguka kidogo, ikapita kioo, ikaangukia mkasi wa nyuzi, ambao Thoa alikuwa ameuviringishia kitambaa, ikaufumbata.

"Mkasi tena?" bibi akaruka. "Achukue kalamu, awe mwalimu! Hebu nipe."

Akavuta. Mtoto hakuachia. Akavuta kwa mikono miwili.

"Vuta, mama, vuta!" Thoa alisema, machozi yakimtiririka. "Si ulisema tukubali?"

Bibi akauachia mkasi, akakaa kitako, akihema.

"Yule mkunga," akasema, "mwongezee bakuli."